Arthur Waley na nyimbo za miungu: Msomi aliyeuliza wimbo ulifanya kazi gani

Wako wasomi waliozunguka dunia nzima wakarudi na maneno machache, na yuko mmoja ambaye hakuzikanyaga kabisa nchi alizoziandikia umri wake wote, akatuachia kabati zima la vitabu. Huyo ni Arthur Waley, Mwingereza aliyefariki mwaka 1966 bila ya kuiona Uchina wala Japani, ilhali ni yeye, kuliko mtu mwingine yeyote wa zama zake, aliyewafanya wasomaji wa Kiingereza waijue fasihi ya nchi hizo mbili.

Nimeamua kumzungumzia leo kwa ajili ya kitabu chake kimoja kidogo kilichotoka mwaka 1955. Katika kitabu hicho alizisoma upya nyimbo za dini za Uchina ya kale, nyimbo ambazo kwa muda wa karne nyingi zilikuwa zimefasiriwa na wakubwa wa serikali kwa namna iliyowafaa wao. Waley alizisoma kwa kumtazama yule aliyeziimba, yaani shamani. Naamini kwamba walimu na wanafunzi wetu, wa fasihi na wa dini pia, wana jambo la kujifunza kutokana na namna alivyofanya, na hata kutokana na pale alipopungukiwa.

Kwanza tulifafanue neno lenyewe. Shamani ni neno lililotoka katika lugha za Watungu wa Siberia, likaingia Ulaya katika karne ya 17 kwa njia ya wasafiri waliopita Urusi. Kwa Watungu, shamani ni mtu ambaye jamii yake inaamini kuwa anaweza kutoka katika hali ya kawaida, mara nyingi kwa msaada wa ngoma, akawaendea mizimu au mizimu wakamshukia, kisha akarudi na habari, tiba au onyo. Siku hizi neno hili hutumiwa ovyo kwa kila mtu mwenye hirizi. Waley hakulitumia ovyo, na hilo ndilo tutakaloliona.

Alizaliwa tarehe 19 Agosti 1889 katika mji wa Tunbridge Wells, kusini mashariki mwa Uingereza, akaitwa Arthur David Schloss. Wazazi wake walikuwa wa asili ya Kiyahudi, watu wenye uwezo, na baba yake, David Frederick Schloss, alikuwa mwanauchumi. Kijana alisomea shule ya Rugby, kisha mwaka 1907 akaingia King's College katika Chuo Kikuu cha Cambridge kusomea Kigiriki na Kilatini. Huko alisikiliza mafunzo ya Goldsworthy Lowes Dickinson, mtu aliyeipenda Uchina na kuiandikia. Mambo yalikuwa yakimwendea vyema, mpaka maradhi ya macho yalipomwandama. Jicho moja likapungukiwa sana na nuru, na njia ya usomi aliyokuwa akiitazamia ikazibika.

Mwaka 1913 aliajiriwa katika Jumba la Makumbusho la Uingereza mjini London, akawekwa katika sehemu ya picha na michoro ya Mashariki chini ya mshairi Laurence Binyon. Kazi yake ilikuwa kuorodhesha picha. Lakini utaiorodheshaje picha ikiwa huwezi kulisoma jina la mchoraji wala shairi lililoandikwa ukingoni? Ndipo Waley alipoanza kujifundisha Kichina na Kijapani peke yake. Chuo cha taaluma za Mashariki cha London kilikuwa bado hakijafunguliwa. Kilianza kufundisha mwaka 1917. Kwa hiyo, mtu mwenye macho mabovu alijitwika mojawapo ya maandishi yanayochosha macho kuliko yote duniani, tena bila ya mwalimu darasani. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na Waley aliinama kweli kweli.

Vita vya Kwanza vya Dunia vilipozuka mwaka 1914, jina la Schloss lilisikika kama la adui, kwani ni la Kijerumani. Familia ikaliacha, ikatwaa jina la Waley ambalo lilikuwa la ukoo wa bibi yake mzaa baba. Hivyo, mtu ambaye angekuja kutumia maisha yake kuyafasiri majina ya wengine alianza kwa kubadilisha la kwake.

Mwaka 1916 alijichapishia kijitabu cha mashairi ya Kichina aliyoyatafsiri, nakala chache tu za kuwagawia rafiki zake. Miaka miwili baadaye, mwaka 1918, kilitoka kitabu kamili chenye mashairi 170, na jina lake likaanza kuvuma. Hapa wapenzi wa vina na mizani watavutiwa kujua alivyotatua tatizo ambalo nasi linatusumbua. Waley alivitupa vina. Alihofia kwamba mfasiri anayetafuta vina hulazimika kuongeza asichoambiwa na mtunzi. Lakini hakuacha shairi likawa nathari. Aliupima mshororo kwa mikazo ya sauti, kila silabi ya Kichina ikipata mkazo mmoja katika Kiingereza.

Baada ya hapo vitabu vilifuatana kama mawimbi. Mwaka 1921 alitoa michezo ya kuigiza ya Kijapani iitwayo No. Kati ya mwaka 1925 na 1933 alitoa kwa mafungu sita kisa cha Genji, riwaya kubwa iliyotungwa mwanzoni mwa karne ya 11 na Murasaki Shikibu, mwanamke wa ikulu ya Japani. Mwaka 1934 alitoa kitabu cha hekima ya Lao Zi, mwaka 1937 akatoa diwani kongwe kuliko zote za Kichina, na mwaka 1938 mazungumzo ya Confucius. Mwaka 1942, katikati ya Vita vya Pili, alitoa kwa ufupisho hadithi ya Tumbili aliyemsindikiza mtawa kwenda India kuleta vitabu vya dini ya Buddha, na wakati huo huo mchana wake aliutumia katika Wizara ya Habari akikagua maandishi ya Kijapani. Mwaka 1958 aliandika juu ya Vita vya Kasumba, vita ambavyo Uingereza ilipigana na Uchina kuanzia mwaka 1839, akivisimulia kama Wachina wenyewe walivyoviona, na kutumia shajara ya Lin Zexu, afisa aliyetumwa kuikomesha biashara hiyo ya kasumba.

Makumbusho aliyaacha mwisho wa mwaka 1929 ili apate nafasi ya kuandika. Hakuwahi kushika uprofesa katika chuo chochote.

Yupo mtu mmoja ambaye ni lazima tumtaje kabla ya kukifikia kitabu cha mwaka 1955. Kwa zaidi ya miaka 40 Waley aliishi na Beryl de Zoete, mwanamke mcheza ngoma, mhakiki na mtafiti wa ngoma. Bibi huyu alisafiri mahali ambako mwenziwe hakwenda. Mwaka 1938 alichapisha, pamoja na mchoraji Walter Spies, kitabu kikubwa juu ya ngoma na maigizo ya kisiwa cha Bali, ambako wachezaji hupagawa mbele ya umati. Baadaye aliandika juu ya ngoma za kusini mwa India na za Sri Lanka. Ni vigumu kufikiri kwamba mtu aliyeishi nyumba moja na mtafiti wa namna hii angezichukua nyimbo za ibada kuwa wino mkavu juu ya karatasi.

Sasa tuziendee nyimbo zenyewe. Uchina ya kale ilikuwa na dola nyingi zilizoshindana, na mojawapo iliyokuwa kubwa upande wa kusini, katika bonde la Mto Yangzi, iliitwa Chu. Katika mkusanyiko wa mashairi ya Chu mna fungu liitwalo Nyimbo Tisa, ingawa kwa kuzihesabu ni 11. Karibu kila wimbo unamhusu mungu fulani: bwana wa mawinguni, miungu ya Mto Xiang, wagawaji wa maisha ya watu, jua la mashariki, mungu wa Mto Manjano, pepo wa mlimani. Kwa mapokeo, nyimbo hizi huhusishwa na Qu Yuan, mshairi na mtumishi wa mfalme aliyeishi yapata mwaka 340 hadi 278 K.K. Husimuliwa kwamba alisingiziwa na wenye husuda, akafukuzwa, akazurura kusini, na hatimaye akajitosa katika Mto Miluo. Mpaka leo Wachina humkumbuka kwa mashindano ya mashua siku ya tano ya mwezi wa tano wa kalenda yao.

Katika karne ya pili B.K. aliishi Wang Yi, afisa wa dola ya Han, aliyeyaandikia mashairi hayo maelezo. Kwa mujibu wake, Qu Yuan alipokuwa uhamishoni aliwaona watu wa kusini wakiwaabudu mizimu kwa nyimbo na ngoma, akaona maneno yao ni ya kishamba, akawatungia mengine yaliyo bora. Isitoshe, aliuficha ndani yake uchungu wake mwenyewe. Basi mungu anayengojwa asitokee ni mfalme asiyemsikiliza mtumishi wake mwaminifu, na mpenzi anayelia kando ya mto ni Qu Yuan mwenyewe aliyetupwa. Tafsiri hii ilishika mizizi kwa karne na karne, kwani waliosoma na kufundisha mashairi walikuwa maafisa wa serikali au watu waliotaka kuwa maafisa. Kila afisa aliyenyimwa cheo alijiona humo.

Sisemi kwamba Wang Yi alikosa yote. Yeye mwenyewe alikiri kwamba chimbuko la nyimbo ni ibada ya watu wa kawaida. Ila alipokwisha kukiri aliwaacha watu hao mlangoni, akaingia ndani na afisa wake.

Waley alirudi pale mlangoni. Aliuliza, ni nani waliokuwa wakiziimba nyimbo za namna hii katika Uchina ya kale? Jibu linapatikana katika maandishi ya Wachina wenyewe. Walikuwako watu walioitwa wu. Kamusi ya Xu Shen iliyotungwa karibu na mwaka 100 B.K. inamweleza wu kuwa mwanamke awezaye kuwatumikia wasioonekana na kuwashusha mizimu kwa kucheza ngoma. Kitabu kingine cha kale, kinachokusanya mazungumzo ya dola mbalimbali, kinaeleza mbele ya mfalme wa Chu kwamba walioteuliwa kwa kazi hiyo walikuwa wenye macho makali na masikio mepesi, na kwamba wanaume wa kazi hiyo walikuwa na jina lao tofauti. Vilevile inasimuliwa kwamba mwaka 639 K.K., wakati wa ukame, mtawala wa nchi ya Lu alitaka kumchoma wu kwa moto ili mvua inyeshe, mpaka mshauri wake alipomkataza na kumwambia aangalie akiba ya chakula badala yake. Kumbe wu aliogopwa, akahitajiwa, na mambo yalipoharibika akalaumiwa.

Kwa kuwa kazi za wu zilifanana sana na za shamani wa Siberia, Waley aliamua kutumia neno hilo moja kwa wote wawili. Kisha akaziweka nyimbo mbele ya taa hiyo. Mambo mengi yaliyokuwa kiza yakaangaza. Chukua wimbo wa bwana wa mawinguni. Mwimbaji ameoga kwa maji yenye manukato, amevaa nguo za rangi; mungu anashuka, anang'aa, anakaa kidogo, kisha anaruka kwenda zake, na mwimbaji anabaki akihema kwa majonzi. Katika wimbo wa Mto Xiang, mwimbaji anapanda mashua kumtafuta mpenziwe majini, anapuliza zumari, anangoja, hapati kitu, na mwishowe anavitupa vito vyake mtoni. Kwa afisa, hayo ni malalamiko ya kisiasa. Kwa Waley ni hatua za ibada: shamani anajipamba, anatoka kumlaki mungu kama bibi harusi au bwana harusi, wanakutana, na baada ya kukutana mungu anaondoka, shamani anarandaranda peke yake akiwa na moyo mzito. Katikati, pale ambapo wimbo unaonekana kukatika ghafla, Waley alikisia kwamba ndipo ngoma ilipochezwa. Pengo lililowasumbua wasomaji kwa miaka mingi likawa si kosa la mtunzi tena. Lilikuwa nafasi ya miguu.

Lipo jambo jingine ambalo msomaji wa Kiswahili atalielewa upesi kuliko Mwingereza. Katika nyimbo hizi mara nyingi haijulikani anayesema ni mwanamume au mwanamke, wala anayesemeshwa ni mungu au binadamu. Kichina cha kale hakilazimishi viwakilishi vionyeshe jinsia. Kiingereza kinalazimisha, kwa hiyo Waley alibidi kuchagua kila mara. Kiswahili hakimlazimishi mtu. Tukisema anakuja, anaondoka, namngoja, hatujasema kama ni mume au mke. Yeyote atakayezitafsiri nyimbo hizi kwa lugha yetu kutoka Kichina anaweza kuihifadhi hali hiyo ya utata, na pengine utata huo ni sehemu ya ibada yenyewe, kwa kuwa mtu aliyeshukiwa na mungu ni nani hasa wakati huo?

Watu wa Pwani yetu wana msamiati wao kwa mambo ya jinsi hii. Husema pepo amempanda mtu, na mtu aliyepandwa huitwa kiti. Pepo hupigiwa ngoma yake, huimbiwa nyimbo zake, huandaliwa chano chake na manukato, ndipo akubali kusema. Asiyejua mambo hayo akiletewa wimbo wa pepo ulioandikwa kwenye karatasi atausoma kama shairi la mapenzi, au kama fumbo la siasa, na hatakosa ushahidi. Lakini tusikimbilie kusema kwamba ni jambo lile lile. Kiti hukaa akamngoja pepo ampande, na aghalabu shabaha ni kumpatanisha pepo na mwele wake. Mwimbaji wa Chu hutoka kwenda kutafuta, huvuka mito, hupanda magari yanayovutwa na majoka. Kufananisha kunatuonyesha pa kuangalia tu. Tukishafika hapo ni lazima tuangalie kilichopo.

Hapa ndipo ninapomsifu Waley zaidi. Miaka minne kabla yake, mwaka 1951, Mircea Eliade, msomi wa Romania aliyekuwa Paris, alitoa kitabu kikubwa juu ya ushamani duniani kote, kilichotaka kuona mpango mmoja nyuma ya desturi za mabara mengi. Eliade aliiona safari ya roho kwenda juu au chini kuwa ndiyo kiini, na kupandwa na mizimu akakuweka kando. Kwa kipimo hicho sehemu kubwa ya Afrika ilibaki nje ya hesabu. Waley hakuwa na tamaa hiyo. Alikuwa na nyimbo chache za nchi moja, na alitaka kujua tu zilikuwa zikifanya kazi gani. Wala hakuwa wa kwanza. Katika Japani, Aoki Masaru alikwisha kuzitazama nyimbo hizo kama maigizo ya ngoma, na katika Uchina, Wen Yiduo, mshairi na mwalimu aliyeuawa kwa risasi mjini Kunming mwaka 1946, alikuwa amepita njia iyo hiyo. Mafanikio ya Waley yalikuwa kuyaweka mambo hayo kwa ufupi na uwazi mbele ya wasomaji wasiojua Kichina.

Hata hivyo, mgema akisifiwa tembo hulitia maji, kwa hiyo tuseme na upungufu. Kwanza, wu wa Uchina hakuwa mtu wa kazi moja. Kulikuwa na waliotibu, waliotabiri, walioomba mvua, waliofukuza mikosi. Kuwaita wote mashamani ni kuwavika kanzu ya kipimo kimoja. Baada ya Waley wako waliokwenda mbali zaidi, kama vile K. C. Chang aliyedai katika kitabu chake cha mwaka 1983 kwamba hata wafalme wa Shang walikuwa mashamani. David Keightley, aliyeisoma mifupa ya ramli ya wafalme hao kwa makini, alipinga, akionyesha kwamba maandishi yale yanafanana zaidi na shughuli za ofisi yenye utaratibu kuliko na mtu aliyepagawa. Kioo kinachosaidia kusoma ukurasa mmoja kinaweza kuuharibu unaofuata.

Pili, tusimpambe shamani kwa maua. Mungu wa Mto Manjano anaimbiwa kwa mapenzi katika Nyimbo Tisa, akipanda gari lake la maji na kukaa katika jumba la magamba ya samaki. Lakini kuna simulizi nyingine ya kale juu ya mungu huyo huyo. Katika mji wa Ye, wu mzee na wakubwa wa mji walikuwa wakiwatoza watu fedha kila mwaka na kumchagua msichana wa kuolewa na mungu wa mto, yaani wa kuzamishwa. Ximen Bao, mtawala aliyetumwa huko katika karne ya tano K.K., alihudhuria sherehe, akasema kwamba bibi harusi hakuwa mzuri wa kutosha, akaamuru wu mzee atoswe mtoni ili akamwarifu mungu kwamba atatafutwa mwingine. Alipokawia kurudi, wakatoswa wanafunzi wake, kisha wazee wa mji. Desturi ikakoma siku hiyo. Simulizi hii imeandikwa na watu wa serikali, na wao pia walikuwa na lao. Ila inatukumbusha kwamba nyuma ya wimbo wa harusi ya mungu huenda palikuwa na wazazi waliowaficha binti zao.

Tatu, Waley hakuwahi kusikia kwa masikio yake ibada hai ya nchi aliyoiandikia. Aliipenda Uchina ya vitabuni. Wengine humtetea, nami naona utetezi huo haufiki mbali. Mtu aliyedai kwamba nyimbo haziwezi kueleweka bila ya ngoma alipaswa kuisikia ngoma. Vilevile alikuwa mfasiri mwenye kukata. Katika kisa cha Genji aliiacha sura moja nzima, na hadithi ya Tumbili aliifupisha sana. Kuwa msomi mkubwa hakumwondolei mtu madeni.

Mwaka 1952 alitunukiwa nishani ya taifa, mwaka 1953 akapewa medali ya dhahabu ya Malkia kwa ushairi, na mwaka 1956 akaongezewa heshima nyingine kubwa ya Uingereza. Beryl de Zoete alifariki mwaka 1962. Mwezi Mei mwaka 1966 Waley alimwoa Alison Robinson, rafiki yake wa miaka mingi, na tarehe 27 Juni mwaka huo huo akaaga dunia mjini London akiwa na umri wa miaka 76. Amezikwa katika makaburi ya Highgate.

Sasa nirudi kwetu. Katika madarasa yetu, swali tunalolipenda kuliko yote ni lile la funzo. Tunapewa wimbo wa jando, wimbo wa kubembeleza mtoto, wimbo wa mazishi au wa pepo, na kabla hata hatujajua uliimbwa na nani, tunaulizwa unafunza nini. Mwanafunzi hodari anajua la kujibu: unafunza umoja, bidii, heshima kwa wazee. Anapata alama zake, na wimbo unakufa mikononi mwake. Tunafanya alichofanya Wang Yi. Tunauosha wimbo, tunaukata ngoma yake, machozi yake na kelele zake, kisha tunauvika sare ya shule.

Mimi napendekeza swali jingine litangulie. Wimbo huu ulifanya kazi gani? Uliimbwa saa ngapi, na nani, kumkabili nani? Nani aligharimia? Ilitarajiwa nini kitokee neno la mwisho lilipokwisha kutamkwa? Na je, wako waliouogopa? Mwanafunzi akishayajibu hayo, au akienda kumwuliza mzee anayeyajua, basi na amtafute huyo mtunzi mwenye ujumbe akipenda. Huenda akamkuta, huenda asimkute.

Walimu wa dini nao wasiogope. Katika Kitabu cha Pili cha Wafalme, Elisha anaomba kwanza aletewe mpiga kinanda, na muziki unapopigwa ndipo mkono wa Bwana unapomjia. Katika Kitabu cha Kwanza cha Samweli, Sauli anakutana na kundi la manabii wanaoshuka na vinanda na matari, naye anatabiri pamoja nao. Zaburi nyingi zina maagizo kwa mwimbishaji juu yake. Kuuliza muziki huo ulikuwa na kazi gani hakumpunguzii nabii heshima yake, wala hakumgeuzi kuwa shamani wa Siberia. Kunamrudisha tu mahali alipokuwa amesimama, penye sauti na watu.

Waley alikuwa na jicho moja bovu, hakuwa na mwalimu, na hakwenda alikopaswa kwenda. Sisi wengi wetu tuna macho mawili, na wazee wanaozijua nyimbo wanaishi mwendo wa saa chache tu kutoka shuleni. Kila mwaka wanapungua. Mwalimu atakayewapeleka wanafunzi wake wakawasikilize muhula huu, tena wakiwa na ngoma iliyowambwa vizuri na si daftari tupu, atakuwa amefanya jambo ambalo Arthur Waley hakupata kulifanya.